Kura Yenye Ukingo

Nati zilikuwa sitini. Fundi baiskeli alizihesabu mbele yetu, mbili mbili, akizidondosha kwenye sinia la bati ili kila mtu asikie mlio. Kila nati ilikuwa mjumbe mmoja wa mkutano wa kata, na wajumbe hao sitini ndio wangepiga kura za maoni, waamue chama kimsimamishe nani kugombea udiwani. Vyama vingi vilikuwa vimekwisha kuruhusiwa, na bendera ngeni mbili tatu zilionekana barabarani. Lakini katika kata yetu, kando ya njia iendayo Iguguno, tulijua kwamba atakayepita kwa wajumbe ndiye diwani. Uchaguzi wenyewe ungekuwa kuitikia amina tu.

Mimi nilikuwa mtu wa kupita. Nilizaliwa Itigi, karibu na reli, na shule niliiacha darasa la tano kwa sababu ambazo hata sasa nikizieleza hazitoshi. Niliona treni zinapita na watu ndani, nikataka kujua wanakwenda wapi. Nilipakua chumvi Manyoni, nikachekecha mchanga wa dhahabu karibu na Shelui bila kuona dhahabu, na mwaka ule nilikuwa nalisha mashine ya kukamua alizeti. Kazi yangu ilikuwa kumimina mbegu juu na kuzoa mashudu chini. Kura sikuwa nayo, ukoo pale sikuwa nao, na kwa hiyo pande zote mbili zilikubaliana kwamba nati nizilinde mimi.

"Mtu wa reli hana wa kuiba kwa ajili yake," alisema fundi baiskeli.

"Wala wa kumpendelea," aliongeza fundi mashine, bosi wangu. Hilo ndilo lilikuwa jambo pekee waliloafikiana mwezi mzima.

Fundi mashine alikuwa upande wa mwalimu, mmoja wa wagombea wawili. Fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wetu, alikuwa upande wa yule wa pili, mwenye lori. Mwenye lori alinunua alizeti na mahindi ya kata nzima tangu chama cha ushirika kilipokufa, na sitasema alikuwa mtu mbaya. Alilipa papo hapo, na mgonjwa akizidiwa lori lake lilitoka bila maneno mengi. Mwalimu naye alikuwa amefundisha nusu ya vijana wa pale kusoma. Wakulima waliokuja na magunia walisubiri zamu yao kwa saa nyingi, na mashine ilipozimwa ipoe, masikio yakiwa bado yanavuma, sinia lilitolewa.

"Ishirini na tisa zenu, ishirini na nane zetu, tatu hazina mwenyewe," alisema fundi baiskeli siku moja, akisukuma nati kwa kidole chenye grisi.

"Ishirini na nane umezitoa wapi? Umemweka katibu wa tawi la bondeni. Yule juzi kala ugali kwa mwalimu, nimemwona."

"Kula kala. Hata kwangu anakula. Ukihesabu wanaokula utapata wajumbe mia tatu."

"Haya, mwenyekiti wa wazazi?"

"Huyo ameniambia yuko na sisi."

"Na sisi ametuambia hivyo hivyo."

"Basi mkateni katikati, kila mtu achukue nusu, mnaotaka kichwa chukueni kichwa!" alidakia mkulima mmoja.

Watu walicheka wakiwa wameketi juu ya magunia. Kila siku nati kama sita zilihama huku na huku, nami nilizihamisha tena jioni, habari mpya zilipoletwa na mtu aliyetoka kisimani au msikitini. Lakini nati moja haikuhama tangu siku ya kwanza. Ilikaa kwenye kopo tulilotengea kura za mwalimu, na hakuna aliyeihoji. Ilikuwa ya mama mmoja, mjumbe wa upande wa akina mama, mjane, msuka vikapu. Alikuwa mama mkwe wa mwalimu.

"Kura ya mkwe haiombwi," fundi mashine alipenda kusema. "Hiyo ni kama maji yaliyomo mtungini tayari."

Mama huyo alikuwa na sababu kuliko sisi wote. Mwalimu hakuwa mtu wa pale. Kwao kulikuwa safari ya siku mbili, na ili agombee alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi. Hakuwa na shamba, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya shule. Akishinda, angepewa kiwanja na waliomchagua, akajenga. Akishindwa, nyumba ingetakiwa, naye angerudi kwao na mke na watoto wanne. Kuhamia kwa mama mkwe lisingekuwa jambo la kufikirika. Na yule mke ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu na mama yule. Wengine wawili wa kiume walikwenda kutafuta maisha Arusha, hawakuandika.

Halafu ikaja habari ya utaratibu. Fundi baiskeli aliileta akikimbia, spoku bado mkononi.

"Hakuna picha, hakuna alama! Kila mjumbe anapewa karatasi tupu, anaandika jina la anayemtaka. Asiyejua kuandika anamnong'oneza karani jina, karani anaandika."

"Sasa ubaya uko wapi?" aliuliza fundi mashine.

 Fundi baiskeli aliinama, akaichukua ile nati moja kutoka kopo la mwalimu, akaiweka katikati ya sinia.

"Rudisha!"

"Sirudishi. Yule mama anajua kuandika?"

Wazee waliokuwa kwenye magunia walianza kuguna mmoja mmoja, kila mmoja akifika pale alipofika mwenzake.

Mimi mgeni niliuliza, na nikaelezwa kama mtoto anavyoelezwa. Mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Hawali pamoja. Na jina la mkwewe mama halitamki, hata akiwa peke yake, hata akiwa anaumwa. Akimhitaji anasema "baba wa wajukuu zangu".

"Si amwambie karani hivyo hivyo, 'baba wa wajukuu zangu'?" nikasema.

"Mara iliyopita watu walisema 'yule mrefu', 'yule wa mlimani', wakapigana ngumi," fundi baiskeli alijibu. "Safari hii jina litamkwe. Mtu wa reli, acha nati hapo hapo."

Iliachwa hapo hapo.

Siku ya tatu, adhuhuri, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, alikuja mama mwenyewe. Alikuja mara kwa mara kuuza vikapu kwa watu wa malori, kwa hiyo hakuna ambaye angeshangaa. Nilimwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hujambo? Huko kwenu reli hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema, ingawa sikujua.

Alikaa juu ya debe, akanyoosha miguu. Mwishowe aliniuliza kama ninajua kuandika. Nikasema kidogo, darasa la tano.

"Hiyo inatosha. Wewe si wa hapa. Huna mkwe hapa. Ukicheka utacheka ukiwa safarini." Akatazama mlango. "Nataka mkono wangu ujue lile jina. Mdomo usijue. Wewe usilisome kwa sauti, wala usiniambie herufi hii inaitwaje. Nionyeshe tu inavyokwenda, kama kikapu."

Nilinakili jina kutoka tangazo lililobandikwa ofisi ya kata. Lilikuwa na herufi saba. Nilimwaga majivu kwenye lile lile sinia la nati, nikayasawazisha, nikaandika kwa kidole. Aliangalia muda mrefu bila kugusa. Kisha akazipa majina yake mwenyewe: hii ni mundu, hii ni kigoda kilicholala, hii ni mlango, hii ni mundu tena lakini wa mtu wa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimekaa shuleni miaka mitano nikipigwa ili nijue herufi, na sikuwahi kuziangalia kama alivyoziangalia yeye.

Alikuja siku nane. Siku ya nne aliweza kuandika bila kuangalia. Siku ya sita nilimpa karatasi na kalamu ya wino, naye akaishika kalamu kama sindano ya kusukia, akaandika herufi kubwa zilizojaa ukurasa. Alipomaliza, hakuinua mkono. Alizungusha vijino vidogo vidogo pembeni mwa karatasi, juu, chini, kulia, kushoto, mpaka jina likawa limezungukwa lote.

"Hivi ni nini, mama?"

"Ukingo. Kitu kisicho na ukingo kinafumuka."

Nilikuwa nimeuona ukingo ule hata kwenye majivu, kila siku, na kila siku niliupenda. Vijino vile vile vilikuwa kwenye midomo ya vikapu vyake. Ndivyo watu walivyojua kikapu chake sokoni bila kuuliza. Nikamwambia, "Ukingo umependeza." Hilo ndilo nililosema. Nimerudia neno hilo moyoni mara nyingi, nikiwa Tabora, nikiwa Kahama, nikiwa mahali ambapo hakuna aliyenijua.

Jioni ya mwisho nati zilisimama ishirini na tisa kwa thelathini, kwa faida ya mwenye lori, na moja katikati. Fundi mashine hakula. "Yule mama akiandikiwa vizuri ni sare, tunarudia kura," alisema. "Kwenye kurudia tunashinda, kwa sababu yule katibu wa bondeni ataona aibu kwa ugali aliokula." Habari ya majivu sikumwambia. Nilikuwa nimemwahidi mama siri.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la zamani la ushirika, ambalo siku hizo lilikuwa na popo tu na mizani mbovu. Mlango ulifungwa, sisi tusio wajumbe tukabaki nje na upepo. Ni upepo wa kiangazi wa Singida, wenye vumbi, unaolipiga bati mpaka huwezi kusikia mtu aliye mita mbili. Madirisha yalikuwa juu na yana wavu. Tulipanga magunia ya mashudu ukutani, tukapanda, tukachungulia kama kuku.

Tuliona wajumbe wakiinuka kwa zamu kwenda kwenye meza ya pembeni. Wazee watatu walimwinamia karani sikioni. Zamu ya mama ilipofika, karani aliinua kichwa tayari kunong'onezwa, naye akampita, akachukua kalamu.

"Anaandika!" fundi mashine alininong'oneza, akinifinya bega. "Yule mama anaandika! Kajifunza wapi?"

Fundi baiskeli alikuwa juu ya gunia la pili. Alinitazama mikono, ambayo ilikuwa bado na majivu kwenye kucha.

Kisha kuhesabu kukaanza. Msimamizi aliinua karatasi moja moja, midomo ikachezacheza, na sisi hatukusikia hata silabi. Karatasi tatu, nne, tano, na upepo unapiga bati. Watu walianza kulalamika, mmoja akataka kupiga mlango. Ni fundi baiskeli aliyeona kwanza.

"Nyamazeni. Mtazameni yule mama."

Mama alikuwa amekaa benchi la mbele, ubavu kwetu. Mwalimu alikuwa amekaa mbele kabisa na mwenye lori, karibu na meza. Karatasi ikasomwa, mama akakaa kimya. Nyingine ikasomwa, akavuta kanga yake juu ya kichwa, akainama, kisha akaishusha.

"Kila likisomwa jina la mkwewe anajifunika," alisema fundi baiskeli. "Hesabuni kanga!"

Na tukahesabu kanga. Mtu alikimbia kuleta sinia, nami nikakaa chini ya dirisha nikihamisha nati wakati wale wa juu wakipiga kelele: "Kanga! ... Tupu. ... Tupu. ... Kanga! ... Kanga!" Watu wa mwenye lori walishangilia tupu, watu wa mwalimu walishangilia kanga. Mpita njia mmoja mwenye punda alisimama, akauliza kama kuna mnada. Hata fundi baiskeli alikuwa anacheka, na machozi ya vumbi yanamtoka. Sijawahi kuona watu wanaopingana wakifurahia pamoja vile.

Karibu na mwisho kulikuwa na kusimama kidogo. "Kanga!" walisema juu. Kisha: "Mbona anaigeuza? Amewaita wagombea." Nilipanda niangalie. Msimamizi alikuwa ameshika karatasi, mwenye lori anaitazama, mwalimu ameinama juu yake. Mama alikuwa bado amejifunika. Hakushusha kanga kama mara nyingine. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali jambo, akarudi kukaa. Karatasi zilizobaki zikasomwa, mama akiinama zaidi kila ilipobidi.

Nati zangu zilikuwa thelathini kwa thelathini.

"Sare!" Fundi mashine aliruka kutoka kwenye gunia, akaangukia goti, akacheka. "Sare! Tunarudia!" Watu wakakumbatiana. Fundi baiskeli akatema mate, akasema nati hazidanganyi, haya turudie, kwani nani anaogopa.

Mlango ukafunguliwa. Mwenye lori, thelathini. Mwalimu, ishirini na tisa. Iliyoharibika, moja.

Palitokea zogo. Watu walitaka kujua iliyoharibika ilikuwa ya nani na imeharibikaje. Mjumbe mmoja alisema ilikuwa na michoro pembeni, na kanuni ilisema karatasi yenye alama yoyote zaidi ya jina haihesabiwi, kwa kuwa alama inaweza kuwa ishara ya aliyehongwa. "Mlevi gani huyo anachora kwenye kura?" aliuliza fundi mashine. Aliniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu. Nikasema sijui.

Mama alipita katikati ya watu, kanga ikiwa bado kichwani. Wakampisha kwa heshima. Hakuna aliyemhisi. Ila fundi baiskeli. Alimtazama mama, akatazama kikapu alichoshika mkononi, mdomo wake wa vijino, akanitazama mimi. Mtu yule alikuwa na ulimi kuliko wote, na alikuwa ameshinda. Nilingoja aseme. Aliokota sinia, akamwaga nati zote kwenye kopo moja, akaenda kufungua kibanda chake.

Baada ya wiki tatu nyumba ya shule ilitakiwa. Lori lililowahamisha lilikuwa la mwenye lori mwenyewe, naye hakutaka nauli. Nilikwenda kusaidia kupakia. Tulipobaki wawili tukifunga kamba za kitanda, mwalimu aliniuliza, bila kuniangalia:

"Ni wewe uliyemfundisha?"

Nikakubali. Nikamwomba radhi kwa ule ukingo, nikasema niliuona siku nane nikanyamaza.

"Msimamizi alituuliza," alisema. "Alisema jina linasomeka, wagombea wote wawili wakikubali, ataihesabu. Mwenzangu alisema yeye hana neno, niseme mimi." Alivuta kamba, akaifunga fundo la pili. "Vikapu vitatu vya namna ile viko ndani kwangu, tangu harusi. Ningesema ihesabiwe, wangeuliza ni ya nani, maana walikuwa wanataka kujua hiyo michoro ni ishara ya nini. Angesimamishwa mbele ya watu sitini aeleze kwamba aliandika jina langu. Mbele yangu."

"Kwa hiyo ukasema..."

"Nikasema imeharibika."

Mke wake alitoka na mtoto wa mwisho mgongoni, nasi tukarudi kwenye kamba. Mama mkwe hakuja pale. Asingeweza kuja. Binti alikwenda kwake alfajiri kuaga, akarudi macho yamevimba, na kikapu cha nne juu ya kichwa, kimejaa karanga za njiani.

Nilikaa pale mwezi mmoja zaidi, jambo ambalo kwangu ni kukaa sana. Karibu nianze kufunga mzigo, mama akaja tena adhuhuri, akakaa juu ya debe lile lile. Tuliamkiana. Hatukugusa habari ya kura. Aliniuliza kama bado nina majivu.

"Yapo, mama."

"Nifundishe jina la binti yangu. Hilo nitalisema." Akalisema, polepole, kisha akalirudia kwa sauti, kama mtu aliyeruhusiwa. "Na safari hii niambie kila moja inaitwaje. Nataka kumwandikia mwenyewe, nisiombe mtu."

Tulianza. Aligundua mara moja kwamba mundu alikuwa anaufahamu, na mlango pia, akafurahi kukutana nao tena. Siku ya tano aliandika jina la binti yake juu ya bahasha, kwa wino, herufi kubwa. Kisha kalamu ikasimama pembeni mwa bahasha. Aliniangalia.

"Barua huwa inahesabiwa na nani?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Inafunguliwa na mwenyewe tu."

Akainama, akaanza kuzungusha vijino, kuanzia kona ya kushoto, bila haraka.